Mawe Kumi na Moja na Dada Mmoja

Kama umeshika karatasi inayosema una mawe kwenye mfuko wa nyongo, na umeambiwa usubiri mpaka daktari bingwa aje, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza mawe hayo yanatokana na nini. Daktari atakueleza, na usipomwelewa utaingia kwenye simu kama nilivyoingia mimi, na utatoka humo unajua mambo mengi na huna amani. Nitakueleza habari za kusubiri tu. Hiyo kazi niliifanya kwa miezi saba, na ndani yake nikafanya kosa moja ambalo nisingependa ulirudie.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili. Naishi Kagondo, hapa Bukoba mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo viwili vimekaliwa na vitabu. Naandika makala na kufasiri nyaraka za watu wengine. Mke wangu na mimi tuliachana zamani, kwa adabu kubwa, kama watu waliosoma, na binti yetu Stela yuko na mama yake Dar es Salaam. Wazazi wamefariki. Aliyebaki kwetu Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia baba, ni dada yangu Justina, aliyenizidi miaka tisa na mambo mengine yote. Kijijini wanamwita Ma Justina, na hiyo ni heshima. Mimi wananiita Profesa, na hiyo si heshima.

Yalianza Novemba, msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Senene wakishuka huku kwetu, mtu mwenye ndugu hali peke yake. Justina alinipigia simu asubuhi, akasema kwa sauti yake ya kuamuru, "Njoo ule kabla sijawapa watu." Nikaenda. Alikuwa amewakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika mdomoni, na pembeni zilikuwepo ndizi zilizopikwa na nyama ya mafuta, zimetandazwa juu ya jani la mgomba, zinafuka mvuke. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Anayeishi peke yake hula chai na mkate mara tatu kwa siku na kuuita utaratibu.

Saa moja baadaye nilikuwa nimekaa nje na binamu yetu Ta Deo, ambaye kibanja chake kimepakana na chetu. Nilikuwa namweleza siasa za nchi ambayo sisi wote wawili hatutaifikia. Maumivu yakanikata katikati ya sentensi. Ilikuwa kama mtu ameniingizia ngumi chini ya mbavu za kulia, kisha akasahau kuitoa. Yakapanda mpaka begani. Nikajikokota hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikatapika kila kitu. Ta Deo alinifuata, akasimama kando, akatazama nilichotapika kwa makini kuliko ilivyohitajika.

"Umekula nini, Profesa?"

"Chakula cha dada. Wewe hukula?"

"Mimi nilikula kwangu," akasema, na akatazama upande wa jikoni.

Sikulitilia maanani jicho lile. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye masikio.

Maumivu yaliondoka yenyewe jioni, nami nikarudi mjini nimeshaamua kwamba nina vidonda vya tumbo. Niliamua mwenyewe, bila kumsumbua daktari. Nikanywa dawa za vidonda Desemba nzima. Kila nilipokula kitu chenye mafuta ngumi ilirudi, na kila iliporudi niliongeza dawa. Hivyo ndivyo mtu mwenye digrii mbili alivyojitibu.

Januari, jua la kiangazi kile kifupi likiwa linawaka, nilikubali kupimwa altrasaundi. Binti wa kipimo alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akaniambia nivute pumzi na nisiitoe. Nilipokuwa nimejaa pumzi kama puto, akasema, "Mzee, una mawe."

Nikaitoa pumzi bila ruhusa. "Mangapi?"

"Mengi mengi. Vuta tena."

Daktari wa zamu aliniambia yanatakiwa kutolewa pamoja na mfuko wenyewe, na kwamba mpasuaji bingwa huja kila baada ya miezi michache, hukaa wiki moja, kisha huondoka. Jina langu likaandikwa kwenye daftari kubwa. Nilipouliza nifanye nini mpaka hapo, akanijibu kwa maneno manne: usile vyakula vya mafuta. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani, nikayageuza maneno yale manne kuwa kurasa arobaini. Nilisoma kwenye simu kwamba mayai ni hatari, maziwa ni hatari, parachichi ni hatari, na kwamba hata kahawa huweza kuuamsha mfuko wa nyongo uliolala. Nikaandika orodha, nikaibandika ukutani. Mwisho wa orodha, chini ya vinavyoruhusiwa, kulikuwa na ndizi za kuchemsha na chumvi tu.

Nilikwenda kliniki mara nyingi miezi ile, kwa ajili ya damu, kwa ajili ya mkojo, au kuuliza tu kama bingwa ametajwa. Benchi la kusubiria liko ukutani, na ukuta una alama ya mafuta ya vichwa vya watu, mstari mrefu wa kahawia unaopanda na kushuka kulingana na urefu wetu. Nilipata pahali pangu kwenye mstari ule. Kando yangu mara kwa mara alikaa mama mmoja kutoka Maruku, mkulima, mwenye mawe kama mimi. Yeye daima alikuja na mumewe, mzee mkimya aliyembebea mkoba na chupa ya maji.

"Wewe umekuja na nani, baba?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimekuja na kitabu."

Akakitazama kitabu, akanitazama mimi. "Kinajua kukushika ukianguka?"

Mumewe akacheka bila sauti, mabega tu. Nami nikacheka. Kicheko kile nilikikumbuka baadaye na hakikuwa na ladha tena.

Februari nilikwenda Muleba. Nilijua Justina ana wasiwasi, maana alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya misa. Sasa nifuatilie kwa makini, kwa sababu kosa lenyewe liko hapa.

Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile punje zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa. Unawekewa chache kiganjani hata kabla hujaulizwa habari za safari. Huwezi kuzikataa. Sijawahi kumwona mtu akizikataa, isipokuwa mimi siku ile. Justina alikuja na kikapu kidogo, akainama, akanyoosha mkono. Nikakumbuka orodha yangu ya ukutani. Nikafunga kiganja.

"Hapana dada, situmii."

Alibaki ameinama kidogo. Kisha akarudisha punje zake ndani ya kikapu, moja moja.

Alileta chakula. Nikasema nimeshiba. Mtu aliyetoka Bukoba alfajiri akafika Muleba saa tano hawezi kuwa ameshiba, na wote waliokuwa pale walilijua hilo. Walikuwa watu sita au saba, majirani waliokuja kunisalimia. Ta Deo alikuwa mmoja wao.

"Profesa, kwani unaumwa nini?"

Ungekuwa wewe ungesema tumbo. Mimi nikasema ukweli wote. "Nina mawe."

"Mawe?"

"Kwenye nyongo."

"Mawe ya kweli, au ni jina la ugonjwa?"

"Ya kweli kabisa. Yameonekana kwenye mashine."

Ta Deo akasogeza kigoda chake. "Nani kayaweka?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama tunavyocheka sisi tuliosoma tunapoulizwa jambo kama hilo. Nilisahau kwamba katika kijiji kile wapo waganga ambao kazi yao ni kutoa vitu kwenye matumbo ya watu: mifupa, nywele, na ndiyo, mawe. Kwa hiyo habari niliyoileta kutoka hospitalini haikuwa ngeni kwao. Walikuwa wanaijua kuliko mimi, isipokuwa wao walijua pia kwamba vitu hivyo huingizwa kwa mlango mmoja tu, nao ni mdomo.

"Hakuna aliyeyaweka," nikasema. "Yametokea yenyewe."

"Na yalianza lini?"

Mimi ni mtu wa tarehe. Makala zangu husifiwa kwa tarehe zake. "Novemba," nikajibu. "Siku ile nilipokula hapa."

Justina alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi mikononi, ile niliyoikataa. Akageuka, akairudisha jikoni.

Niliondoka mchana, nimeridhika kwamba nimewaelimisha watu.

Jumapili iliyofuata simu yake haikuja. Nikadhani mtandao. Jumapili ya pili nikapiga mimi, ikaita mpaka ikachoka. Nikajiambia ana kazi shambani.

Masika yakaingia. Mvua ya Bukoba ikianza haina haraka, huhamia. Nilikaa ndani na ndizi zangu na chumvi yangu. Suruali zilianza kunivuka. Nikatoboa mkanda tundu la kwanza, la pili, la tatu, kwa msumari. Uso ulishuka. Aprili kulikuwa na siku nne nilipoamka macho yangu yana rangi ya ua la boga na mkojo rangi ya chai ya rangi, nikaenda kliniki, nikawekwa kitandani kwa saa chache, nikachomwa sindano, nikarudi nyumbani. (Hiyo ukiiona usisubiri, nenda siku hiyo hiyo.) Lakini kilichonishangaza kuliko macho ya njano ni jinsi mtu asiyekula anavyotoka taratibu katika dunia ya wenzake. Jumuiya yetu ya mtaa husali nyumba kwa nyumba na baada ya sala kuna chai na chapati. Nilikataa chapati mara tatu, mara ya nne sikwenda. Harusi sikwenda. Msiba nilikwenda nikasimama mbali na sufuria. Jirani yangu, mzee Mlutheri mcheshi sana, aliacha kunigongea dirisha, akanipungia mkono tu kutoka barabarani. Sikuwa nimegombana na mtu yeyote. Kila nilipofika, palikuwa na mkono umenyooshwa na kitu cha kula ndani yake, nami nikafunga kiganja.

Jioni nilikuwa naongea na orodha ya ukutani. Nilimwambia Stela hilo kwenye simu ili acheke. Hakucheka.

"Baba, mpigie shangazi."

"Shangazi hapokei."

"Umemfanyia nini?"

"Sijamfanyia kitu."

"Hapana baba. Fikiri. Umemfanyia nini?"

Nilikuwa na majibu ya maswali mengi, hilo nikalikatia simu kwa kisingizio cha chaji.

Bingwa alikuja mwezi wa Mei. Nilifika na begi langu, shuka mbili, kandambili, na karatasi zote zimepangwa kwa tarehe. Muuguzi wa wodi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizipokea akazipitia, akanyanyua kichwa.

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Niko mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mimi ni mtu mzima, sista. Fomu naweza kusaini sasa hivi."

"Na ukishalazwa usingizi, likitokea la kuulizwa, utajiuliza mwenyewe? Ukitoka huko utajigeuza, utajifulia, utajipikia uji?" Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. "Baba, hapa hatumlazi mtu peke yake kama mzigo wa stendi. Kalete ndugu."

"Naweza kuleta jirani."

"Jirani atasaini? Atakuosha? Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na wiki moja, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilipiga Muleba mara kumi na mbili siku ile. Stela alikuwa na mitihani na aliapa angeiacha aje. Nikamkataza, na kwa mara moja nilikuwa baba mwenye akili. Siku ya tatu jina langu lilirukwa. Mama wa Maruku alipasuliwa. Nilimwona anapelekwa kwenye kitanda cha magurudumu, mumewe akitembea kando na mkoba ule ule, ameshika ncha ya shuka kama mtoto aliyeshika nguo ya mama sokoni. Nikakaa benchini mpaka wafagiaji waliponiomba niinue miguu.

Bingwa angerudi mwishoni mwa Julai. Muuguzi aliniandika tena, akanitazama juu ya miwani. "Safari hii uje na mtu, baba. Macho yako siyapendi."

Kwa hiyo niseme wazi lililokuwa mbele yangu: ama nimpate dada yangu, ama nirukwe tena, na macho yale ya njano yanikute chumbani mwangu na vitabu.

Nilikwenda Muleba mapema Julai, mavuno ya kahawa yakiwa yamepamba moto. Justina alikuwa uani amepiga magoti anageuza kahawa kwenye mikeka. Hakuinuka. Alinitazama suruali kwanza, jinsi ilivyojikunja kiunoni.

"Umekwisha," akasema.

"Dada, nimekuja kueleza."

"Eleza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaeleza. Niliokota kijiti, nikachuchumaa, nikachora ini mavumbini. Nikachora mfuko wa nyongo chini yake, na mrija, na mawe. Nikaeleza kazi ya mafuta. Nikaeleza kwa nini nilikataa kahawa. Lilikuwa somo zuri, lenye mwanzo, kati na mwisho. Aliendelea kugeuza kahawa.

"Umemaliza kuchora?"

"Nimemaliza."

"Mama yake Deo alifariki mwezi wa tatu. Ulijua?"

Sikujua.

"Tulikwenda kupika, wanawake wote wa huku. Nimepika misiba ya kijiji hiki tangu baba yuko hai. Sufuria kubwa ni langu, kila mtu anajua. Nikafika, nikakuta limeshikwa na mwingine. Wakaniambia, Ma Justina, wewe leo utateka maji." Akafuta mikono kwenye kanga. "Wakanipa ndoo, waitu, jamani. Wakanichekea vizuri tu, wakanipa ndoo. Na msiba uliofuata, ndoo. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kula hapa wakitoka shule. Waone sasa, wanapita na njia ya juu."

Kijiti kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Mimi sikusema kwamba wewe—"

"Hukusema. Ungesema ningekujibu." Ndipo akainuka, akishika kiuno. "Wewe ulifunga mkono mbele ya watu. Nimekulea mgongoni, Mugisha. Nilikutafunia nyama ukiwa huna meno."

Nilisema nisamehe. Lilikuwa neno la kwanza nililolisema siku ile ambalo sikuwa nimeliandaa kwenye basi. Halikufanya kazi yoyote niliyoiona. Kuku walipita juu ya ini langu wakalifuta.

Akawafukuza kwenye kahawa, kisha akauliza, "Tarehe gani?"

Nikamtajia.

"Nenda. Jua linakuchoma, huna nyama."

Hakusema atakuja. Wiki tatu zile sikuzilala vizuri, na sikumpigia, kwa kuwa niliogopa simu isiyopokelewa kuliko simu isiyopigwa.

Siku ya kulazwa nilifika saa moja asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye benchi letu, mgongo wake haukugusa ukuta, ameweka mkeka na ndoo na beseni kati ya miguu. Pembeni yake, amevaa koti la kanisani, Ta Deo.

"Nimemleta shahidi," akasema Justina.

Alisaini fomu kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Muuguzi aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mimi ndiye mama aliyebaki."

Sina la kukueleza juu ya upasuaji, nilikuwa nimelala. Nilipoamka nilikuwa na mpira umetoka ubavuni, koo kavu, na maumivu ambayo yalikuwa mapya lakini ya uaminifu, yalikaa pahali pamoja. Justina alikuwa sakafuni kwenye mkeka wake. Aliniosha uso. Akanigeuza. Akamwaga mkojo wangu. Mambo hayo mtu huyaogopa kabla, na yakifika hana nafasi ya kuyaonea haya.

Kesho yake bingwa alipita, kijana mdogo kuliko nilivyotarajia, na kichupa mkononi. "Mawe yako haya, mzee. Kumi na moja." Yalikuwa ya kahawia, yana pembe, makubwa kama punje za mahindi. Kabla sijanyoosha mkono Justina alishasimama.

"Daktari, yana umri gani?"

"Mama?"

"Haya mawe. Yamekaa humo muda gani?"

"Siwezi kukupa hesabu kamili. Miaka. Mawe kama haya hayawi ya miezi."

"Yalikuwepo Novemba?"

"Novemba yalikuwa yameshakuwa makubwa."

"Kabla hajala senene?"

Daktari akanitazama mimi, nikatazama dari. "Kabla, mama. Mafuta huleta maumivu. Mawe hayaletwi na mlo mmoja."

"Rudia, waitu," akasema Justina, akamvuta Ta Deo mkono wa koti mpaka akasimama mbele kabisa. "Rudia sentensi hiyo, huyu ana sikio zito."

Daktari akarudia. Ta Deo alivua kofia, akaivaa tena. "Nimesikia," akasema. "Na mimi sikuwahi kusema kitu."

"Hakuna aliyesema kitu," Justina akamjibu. "Ndiyo maana nataka mkaseme sasa." Akageukia kwangu, akachukua kichupa. "Mawe ni yako. Jina ni langu. Nitakurudishia."

Hajanirudishia mpaka leo. Naambiwa kimepita kila jiko la kijiji, na msiba wa kwanza baada ya hapo sufuria kubwa lilirudi kwake bila maneno.

Lakini hilo ni la kijiji. La kwetu wawili lilikuwa jingine. Siku mbili za kwanza za kula hakunipikia. Alinunua uji kwa mama wa getini, umefungwa kwenye chupa, akanikabidhi bila kuufungua. Wagonjwa wengine walipikiwa na ndugu zao kule nyuma. Harufu ilikuwa inakuja. Siku ya tatu nikamwambia, "Dada, nipikie wewe."

Akatoka. Akakaa huko muda mrefu. Akarudi na bakuli la ndizi zilizopondwa, laini, hazina hata tone la mafuta. Kwetu mwenye pombe humimina, akaonja yeye kwanza, ndipo akampa mgeni, ili mgeni ajue hamna kitu ndani. Lakini hiyo ni ya pombe, na ni ya mgeni. Chakula hakionjwi hivyo, na ndugu haonjewi kamwe. Justina alichota kijiko, akakipeleka mdomoni mwake, akanitazama, akameza polepole mpaka nikaona koo linashuka. Kisha akachota cha pili, akaniletea mimi.

Nilikula. Alifanya hivyo jioni, na kesho yake, na kila siku mpaka nikatolewa nyuzi. Alinifulia, alinitembeza ukumbini nikiwa nimemwegemea, alininong'oneza rozari nilipoumwa, na kila alipopika alionja kwanza.

Nimepona. Nakula karibu kila kitu, kidogo kidogo. Mkanda nimenunua mpya. Nikikutana na mtu aliyeandikwa kwenye lile daftari humwambia mambo machache tu: chukua ndugu siku ya kipimo, siyo siku ya upasuaji, asikie mwenyewe kutoka kwa daktari. Na kama huruhusiwi kula, kaa jikoni na aliyekupikia, mwambie huko huko, kabla hajabeba sahani. Hayo mengine utayasoma kwenye simu.

Muleba naenda sasa kila wiki ya pili. Dada hunipokea vizuri, tunaongea, ananitukana kuhusu nywele zangu. Na kila mlo, tangu Agosti, kabla sijanawa, huonja. Nilishamwambia mara moja, "Dada, acha basi." Akasema, "Ni mazoea tu." Sikumwambia tena. Kuna kusubiri kwingine ambako hakuna daftari la kujiandikisha.

Jumapili iliyopita alikuwa ananisimulia habari za mwanamke mgeni kijijini aliyeunguza maharage ya msiba halafu akalaumu kuni. Alikuwa anamwigiza, anavyonusa hewa kama hajui moshi unatoka wapi, na alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akafunua jani, mvuke ukapanda, akanisogezea ndizi, kisha mkono mmoja ukafuta macho na mwingine ukaendelea kumwigiza yule mwanamke. Hakuna mkono uliokwenda mdomoni.

Nikamega tonge haraka kabla hajakumbuka, la moto sana, likaniunguza ulimi, nikameza.